Gia ndiyo breki ya kwanza mteremkoni

Lori la kabichi linaloondoka Flyover alfajiri, pale barabara ya Thika inapoachana na ile ya Nairobi kwenda Naivasha, lina karibu mita elfu moja za kuteremka kabla ya kufika Thika. Flyover iko kwenye baridi ya Kinangop, mwinuko unaozidi mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Thika iko kwenye mita 1,600 na kidogo. Katikati kuna msitu, kisha mashamba ya majani chai, kisha Kamwangi na Gatukuyu, kisha migomba na kahawa, na mwisho joto la mji wa viwanda na mananasi. Abiria wa matatu huihisi tofauti hiyo masikioni, na kwenye koti analoanza kulivua njiani. Lori huihisi kwenye breki.

Ruiru nayo ina mteremko wake. Barabara inayotoka Uplands kupitia Githunguri huanzia mwinuko unaopita mita 2,200 na kushuka hadi Ruiru, ambayo haiko mbali na mita 1,600. Humo hupita malori ya maziwa, kwa kuwa Githunguri ni makao ya chama cha ushirika cha wafugaji chenye maziwa ya Fresha, na hupita pia malori ya lishe ya mifugo, ya mboga na ya mawe ya ujenzi. Hata barabara kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, si tambarare kama inavyoonekana kutoka dirishani. Mito inayotoka upande wa milima ya Nyandarua huikata mmoja baada ya mwingine: Ruiru, Ndarugu, kisha Chania pale Blue Post. Kila mto umechimba bonde lake, na kila bonde lina kushuka na kupanda. Malori ya mawe ya Ndarugo hutoka machimboni yakiwa yamejaa hadi ukingoni na kuingia moja kwa moja kwenye msururu wa matatu zinazokimbilia steji ya Juja.

Ajali inapotokea kwenye miteremko kama hii, taarifa huwa ni moja: lori lilikosa breki. Polisi husema hivyo, redio hurudia, na mjadala hufungwa hapohapo kana kwamba breki ni kitu kinachoamua chenyewe kutoroka. Nadhani tumekubali jibu hilo kwa urahisi mno. Mara nyingi breki zilikuwapo dereva alipoanza kushuka. Zilichoshwa njiani kwa kupewa kazi ambayo ilikuwa ya giaboksi, na zilipohitajiwa kweli, kwa ajili ya mtoto aliyevuka au matatu iliyosimama ghafla, hazikuwa na kitu cha kutoa.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo penye siri yote. Breki haiondoi mwendo wa gari; inaugeuza kuwa joto. Gari dogo la uzito wa tani moja, tuseme Vitz, likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa hubeba nishati ya kilojuli 250 hivi. Likisimamishwa, nishati yote hiyo huishia kwenye diski na ngoma za breki. Sasa chukua lori la kabichi la tani 10, mzigo ukiwa ndani, ulishushe mita 900 kutoka Kinangop hadi Thika. Nishati ya kushuka huko ni sawa na kuisimamisha ile Vitz kutoka kilomita 80 zaidi ya mara 350. Sehemu yake huliwa na upepo na msuguano wa magurudumu, na sehemu nyingine hurudishwa pale barabara inapopanda kidogo. Hata hivyo kinachobaki ni kingi, na ni lazima kiende mahali. Dereva anayeshuka kwa kukanyaga breki tu anakipeleka chote kwenye vipande vichache vya chuma vilivyofichwa ndani ya magurudumu, mahali ambapo hewa haipiti vizuri.

Chuma kikipata moto hutanuka. Ngoma ya breki ya lori ikitanuka, ukuta wake husogea mbali na viatu vya breki vilivyo ndani, kwa hiyo viatu hulazimika kusafiri zaidi kabla ya kugusa. Wakati huohuo uso wa viatu huungua na kuwa laini, unang'aa, hata ukiupitishia kidole husikii ukwaruzaji uliokuwapo ulipokuwa mpya. Fundi yeyote wa jua kali anayefungua magurudumu ya malori atakuonyesha ngoma zenye madoa ya rangi ya samawati na nyufa nyembamba za nywele. Hiyo ni alama ya chuma kilichopikwa. Haisababishwi na siku moja ya bahati mbaya. Hutokana na mazoea.

Kwenye magari madogo kuna jambo la ziada, nalo ni mafuta ya breki. Yale ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi yakiwa mapya, lakini hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishanyonya vya kutosha huanza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unaminyika. Dereva hukanyaga pedeli ikaenda hadi chini kama amekanyaga sifongo. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Hapa kwetu gari huweza kubadilisha wenyewe watatu huku mafuta ya breki yakiwa yaleyale.

Malori makubwa hayatumii mafuta hayo. Yana breki za upepo. Huko kosa la kawaida ni kupiga breki mara nyingi, kidogokidogo, mteremko mzima. Kila kukanyaga hutumia upepo uliohifadhiwa kwenye matangi, na kompresa haiwezi kujaza kwa kasi ileile. Ngoma zina moto na matangi yanaisha, yote mawili kwa pamoja.

Injini ndiyo inayoweza kuubeba mzigo huo. Dereva anapoondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta huku gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo huizungusha injini badala ya injini kuyazungusha magurudumu. Injini ya petroli hufungiwa njia ya hewa, hivyo pistoni zake hulazimika kuvuta dhidi ya mlango uliofungwa, na kazi hiyo ya kuvuta hulipunguzia gari mwendo. Gia ikiwa ndogo, injini huzunguka kwa kasi zaidi kwa kila mita ya barabara, na nguvu ya kuzuia huongezeka. Joto linalotokea hutoka kwa njia ya ekzosi na rejeta, vitu vilivyoundwa kustahimili joto siku nzima. Breki za magurudumu hubaki baridi, zikisubiri dharura.

Injini ya dizeli haina mlango huo wa kufunga hewa, kwa hiyo peke yake huzuia kidogo tu ikilinganishwa na ukubwa wa mzigo inaoubeba. Ndiyo sababu malori na mabasi mengi ya dizeli, yakiwemo yale ya Isuzu yaliyojaa barabara hii, huwekewa breki ya ekzosi: valvu inayofunga bomba la moshi ili injini isukumane na hewa iliyojibana yenyewe. Simama karibu na daraja la Chania na usikilize. Lori ambalo dereva wake anajua kazi huteremka likinguruma kwa sauti nzito iliyobanwa, kasi haipandi, taa za nyuma haziwaki ila mara mojamoja. Lori lingine hupita kimya, linateleza tu, kisha taa nyekundu zinawaka na kubaki zinawaka hadi chini, na harufu ya breki inakufikia ulipo baada ya lenyewe kupita. Nikiwa na watoto kando ya barabara, hilo la kimya ndilo linalonifanya niwashike mkono.

Marekani walilipitia jambo hili karibu miaka 100 iliyopita. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwasisi wa kampuni ya injini za dizeli yenye jina lake, aliteremka na lori kwenye njia ya milimani ya Cajon huko California, breki zikamshinda, na nusura agongane na treni mahali reli inapokata barabara. Hakulisahau. Baadaye alibuni kifaa kinachofungua valvu za injini kwa wakati maalumu ili hewa iliyobanwa na pistoni itolewe bila kurudisha nguvu yake, na injini yote ikawa mashine ya kuzuia mwendo. Kampuni ya Jacobs ilianza kukiuza mwaka 1961, na hadi leo malori mengi mazito duniani yana kifaa cha aina hiyo. Mtu aliyetengeneza injini kwa riziki yake ndiye aliyetambua kwamba nguvu ya kwenda bila nguvu ya kuzuia ni nusu ya kazi.

Sasa tuseme wazi kuhusu frii. Dereva anapofika kileleni huitoa gia, akaliacha lori lishuke lenyewe kwa uzito wake. Tabia hii inajulikana nchi nzima. Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, zimepata sifa mbaya kwa sababu yake, na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, pamoja na polisi wa trafiki wameikemea tena na tena. Sababu inayotolewa ni mafuta. Dereva anataka kufika na dizeli iliyobaki, iwe ni kwa sababu mwenye gari anampimia kidogo mno, au kwa sababu kuna mnunuzi wa dizeli hiyo kando ya barabara.

Hesabu hiyo inastahili kuchunguzwa kwa haki, maana madereva si wajinga. Kwenye mteremko mpole sana lori lililo frii husafiri mbali zaidi kabla ya kuhitaji kukanyagwa mafuta, na hapo kweli kuna akiba kidogo. Lakini kwenye mteremko unaohitaji gari lizuiwe, hesabu hugeuka kabisa. Gari la kisasa la kutumia nozeli za kielektroniki hukata mafuta kabisa mguu unapoondoka kwenye pedeli likiwa ndani ya gia, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoiendesha injini. Pampu za dizeli za zamani nazo hufanya vivyo hivyo. Likiwa frii, injini lazima ichome mafuta ili isizime. Kwa hiyo dereva anayeshuka kutoka Kamwangi akiwa frii na mguu juu ya breki anachoma dizeli ambayo angeweza kutoichoma, halafu anaunguza viatu vya breki ambavyo mwenye gari atavinunua.

Hatari kubwa zaidi haimo kwenye hesabu hiyo. Giaboksi nyingi za malori ya manyuali, hasa za zamani, hukataa kupokea gia ndogo lori likishaongeza kasi. Dereva hubana klachi, husukuma, meno hulia, gia hairudi. Kuanzia hapo hana injini tena. Ana breki peke yake, zile zenye moto, na tani zake kumi au thelathini. Anayeelewa jambo hili huchagua gia juu kabisa, kabla ya pua ya lori kuinama, kwa sababu anajua chini hatapata nafasi nyingine ya kuchagua.

Kuna imani nyingine inayohitaji kusahihishwa, nayo ni kwamba kidhibiti mwendo kitatuokoa. Sheria zilizoletwa na Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mapema mwaka 2004, zililazimisha magari ya abiria kuwa na mikanda na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Nilizipokea kwa furaha wakati ule na bado naziona kuwa kati ya mambo bora yaliyowahi kufanywa kwenye barabara zetu. Lakini kidhibiti cha aina hiyo hufanya kazi kwa kuinyima injini mafuta. Gari lililo frii halihitaji mafuta ya injini ili likimbie. Linavutwa na uzito wake. Linaweza kufika kilomita 100 na zaidi huku kifaa hakina la kufanya. Gia ndiyo inayokipa kidhibiti maana mteremkoni.

Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lililobeba kontena lilimshinda dereva kwenye makutano ya Londiani, upande wa Kericho, likaingia kwenye matatu na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50. Sisemi najua kilichokuwa kikitendeka ndani ya giaboksi ya lori lile. Nasema kwamba wachuuzi wa Githurai, Witeithie na Kamwangi hukaa vilevile, meza zao zikiwa hatua chache kutoka kwenye lami, na kila mara lori zito linaposhuka wanategemea uamuzi ambao dereva aliufanya kilomita kadhaa nyuma yao.

Niliyosema hadi hapa yanawahusu wenye malori. Yafuatayo ni ya kila mwenye gari dogo kutoka Ruiru hadi Makongeni.

Magari mengi yanayonunuliwa na familia za kawaida hapa ni yaliyotumika Japani, yakaletwa kabla ya kutimiza miaka 8 kama kanuni ya shirika la viwango, KEBS, inavyotaka. Karibu yote ni ya otomatiki. Kitabu cha maelekezo kilichomo kwenye sanduku la dashibodi kimeandikwa Kijapani. Mnunuzi hukifungua, hutazama picha, hukifunga. Muuzaji humwonyesha P, R, N na D, humkabidhi ufunguo, na tangu siku hiyo herufi zilizobaki kwenye mtambo wa gia huwa kama milango ya nyumba ya jirani.

Zitazame leo ukiwa umeegesha. Probox na Premio nyingi zenye giaboksi ya gia nne zina 2 na L chini ya D, na kitufe kidogo ubavuni mwa kishikio. Kitufe hicho kikibonyezwa, dashibodi huwasha maandishi ya O/D OFF, na gari hukataa kuingia gia ya nne. Kwenye kushuka Ndarugu, hilo peke yake hutosha. Gari litabaki gia ya tatu, injini itaanza kusikika, na kasi itaacha kupanda. Mteremko ukizidi, kama ule wa kutoka msituni kuja Kamwangi, unasogeza mtambo hadi 2. L ni ya mahali pa mwinuko mkali sana na mwendo wa pole kabisa.

Vitz nyingi za giaboksi ya mkanda zina S na B. S hupandisha mizunguko ya injini na kuzuia kiasi. B huzuia zaidi, na iliwekwa hasa kwa ajili ya kushuka. Nissan Note nyingi zina L. Honda Fit za mkanda nyingi zina S na L. Mazda Demio za miaka ya karibuni na Subaru nyingi zina upande wa alama za kujumlisha na kutoa; ukisukuma kwenye kutoa, gia inashuka moja kwa kila msukumo, na kompyuta ya gari haitakubali gia itakayoivunja injini. Hicho kinanifurahisha: gari lenyewe limewekewa kinga, mtu asiogope kujaribu.

Aqua na Prius zinastahili maneno yake. Wengi huamini kwamba B ni ya kuchaji betri, na wapo wanaoendesha mjini kutwa nzima mtambo ukiwa kwenye B. Gari la haibridi la Toyota huchaji betri likiwa kwenye D kila unapoondoa mguu au kukanyaga breki polepole. B huongeza kazi ya injini ya petroli katika kuzuia, jambo linalofaa sana mteremko unapokuwa mrefu hadi betri ikajaa na haiwezi kupokea zaidi. Kwenye tambarare ya Juja hakuna faida. Kutoka Flyover ipo.

Namna ya kufanya ni nyepesi kuliko inavyosikika. Punguza mwendo kwa breki kwanza, barabara ikiwa bado haijainama. Kisha shusha gia. Usisubiri gari likimbie ndipo uanze kulifukuza. Injini itapiga kelele kuliko ulivyozoea. Mshale wa mizunguko ukipanda hadi 3,000 au 4,000 hakuna kinachovunjika, mradi haugusi eneo jekundu. Kama kasi bado inapanda, kanyaga breki kwa uthabiti hadi ushuke kilomita 8 hivi chini ya kasi uliyojiwekea, kisha uachie kabisa, injini iendelee kuzuia na breki zipoe. Likipanda tena, rudia. Huo ndio utaratibu wanaofundishwa madereva wa malori mazito Marekani, na haubadiliki kwa sababu uko kwenye Probox yenye magunia mawili ya viazi nyuma. Kwa manyuali, wazee wetu walikuwa na kanuni ya kushuka kwa gia ileile ambayo ungepandia mlima huo. Magari ya siku hizi hupanda kwa wepesi zaidi, kwa hiyo mara nyingi inafaa ushuke kwa gia moja ndogo zaidi ya hapo.

Kwenye barabara kuu ya Thika kuna tahadhari yake. Gari likipungua kwa gia, taa za breki haziwaki. Matatu iliyo nyuma yako ikitoka Kenyatta University kuelekea Ruiru, ikiwa karibu kiasi cha kusoma kibandiko cha bima yako, haitajua kwamba unapunguza. Gusa pedeli ya breki kidogo, taa ziwake, kisha gia ifanye kazi. Mvua ikinyesha, usiruke kutoka D hadi L kwa mkupuo. Magurudumu yanayoendesha gari yanaweza kuteleza, hasa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Juja Farm au murami wa mitaa mipya ya Ruiru. Shusha hatua kwa hatua. Na kamwe usizime injini ukiwa unashuka. Usukani utakuwa mzito, msaada wa breki utaisha baada ya kukanyaga mara chache, na kwenye baadhi ya magari usukani unaweza kujifunga ufunguo ukitolewa.

Waendesha boda nao nawaomba wasome hapo mara mbili. Kuzima pikipiki kileleni na kushuka kimya na abiria wawili, kwa ajili ya petroli ya shilingi chache, ni jambo tunaloliona kila siku kwenye vilima vya Gatundu na Gatanga. Pikipiki iliyo kwenye gia ya pili au ya tatu hujishika yenyewe. Iliyozimwa na kuachwa huru inategemea breki ya nyuma iliyokwishalika.

Thika yenyewe ina nafasi ya pekee katika habari hii. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza miaka ya 1970 kama Leyland Kenya, kimeunganisha magari ya namna nyingi mjini hapa, na mwishoni mwa 2016 kikaanza kuunganisha hata Volkswagen Polo Vivo. Siku hizi humo huunganishwa pia mabasi ya umeme ya BasiGo. Basi la umeme huchukua wazo hili la zamani na kulipa thamani mpya. Dereva anapoachia pedeli, mota hugeuka kuwa jenereta, nguvu ya kushuka inarudi kwenye betri, na basi linapungua mwendo bila viatu vya breki kuguswa. Ile nishati ambayo lori la kabichi huigeuza kuwa harufu ya kuungua, basi hilo huitumia kupanda kilima kinachofuata. Kwa hiyo kijana wa Thika anayeajiriwa leo kuyaendesha atafundishwa kuzuia kwa mota tangu siku ya kwanza, wakati kaka yake aliye kwenye lori la dizeli hajawahi kuambiwa lolote kuhusu kitufe cha breki ya ekzosi kilicho kando ya usukani wake. Nimechungulia ndani ya malori ambayo waya wake umekatika na umekunjwa chini ya dashibodi, na hakuna aliyeona haja ya kuurudisha.

Hilo la mafunzo ndilo linaloniuma zaidi. Shule nyingi za udereva hufundisha kupanda: jinsi ya kuondoka mlimani bila kurudi nyuma, klachi na hendibreki. Kushuka hakufundishwi kwa uzito huohuo, na wanafunzi wengi hupata leseni wakiwa wamezunguka tu mitaa tambarare ya mji. Mwenye shule aliye Thika ana barabara ya Gatukuyu nusu saa kutoka mlangoni pake. Aliye Ruiru anayo ya Githunguri. Safari moja tu ya kupanda na kushuka, mwalimu akiwa pembeni, ingemfundisha mwanafunzi zaidi ya ubao wa mji wa kuchezea magari uliopo darasani.

Vyama vya matatu na wenye malori nao wana sehemu yao. Anayempimia dereva mafuta hadi tone la mwisho anamfundisha kushuka frii hata kama hakusema hivyo kwa mdomo. Ampe yanayotosha, atengeneze breki ya ekzosi, na abadilishe mafuta ya breki kabla ya kubadilisha rangi na muziki.

Na mamlaka za barabara ziweke vibao juu ya mteremko wa Flyover kuja Thika na wa Uplands kuja Ruiru, kwa Kiswahili, vikubwa, kabla barabara haijaanza kuinama: SHUSHA GIA SASA. Miteremko mingine ya nchi hii ina vibao vya kuagiza gia ndogo. Hii yetu inavihitaji vilevile, na bei ya bati na rangi haiwezi kuwa kikwazo. Wewe dereva usivisubiri. Kabla ya kuondoka kesho asubuhi, tazama mtambo wako wa gia, ujue kila herufi ni ya nini, kisha ujaribu O/D, 2, S au B mahali penye nafasi na magari machache, ili siku utakapoihitaji mkono wako uwe tayari unaijua njia.